Matembezi ya Mida yapangwe kwa maji

Mhariri,

Kila likizo ikikaribia, kurasa za utalii huwataka wasomaji wazuru msitu wa Arabuko-Sokoke, magofu ya Gede na hori ya Mida, hapa Watamu katika pwani ya Kenya, kwa siku moja. Ushauri ni mzuri, ila hautaji maji kupwa na kujaa. Anayefika Mida maji yametoka kabisa huona tope tupu na vitone vyeusi kwa mbali. Vitone hivyo ndio ndege aliowafuata.

Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama na siku mbili tatu zinazofuata, maji hupwa kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, yakajaa kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Basi anza na msitu alfajiri, mchana ingia Gede, na alasiri uwe Mida muda wa saa mbili hadi tatu kabla maji hayajajaa. Hapo maji huwasukuma ndege hadi karibu na mikoko. Kati ya Agosti na Aprili mtafute yule mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji hujaa karibu na adhuhuri, kwa hiyo Mida itangulie. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50.

Kwenye daraja la mbao usishuke topeni. Vile vijiti vilivyosimama chini ya mchu, aina ya mkoko, ni mizizi yake ya kupumulia, na huvunjika chini ya kiatu.

Msituni chukua mwongozaji, kwa kuwa mna ndovu. Kwenye mchanga mweupe utakuta miti ya mirihi. Kwenye udongo mwekundu miti hubanana, na humo ndimo anamoishi bundi mdogo wa Sokoke. Tafadhali msimwite kwa sauti za simu: hudhani mwenzake amevamia eneo lake, akatoka mafichoni mchana kweupe. Sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, huonekana asubuhi akipekua majani makavu. Simama kimya, ukimfuata, hutamwona tena.

Gede ina kivuli cha miti mikubwa, ndiyo maana inafaa mchana. Lione kaburi lenye mwaka wa Hijria 802, yaani 1399, na visima vyake virefu. UNESCO iliuorodhesha mji huu kuwa urithi wa dunia mwaka 2024, lakini bado watu hukaa juu ya kuta kupiga picha, na chokaa ya kale humomonyoka. Kima nao wasipewe ndizi. Wakizoea, hunyang'anya mikoba.

Tunaomba gazeti lako, litakapoandika tena kuhusu safari hii, lichapishe saa za kupwa na kujaa za wiki hiyo kando ya makala.

Waongozaji wa wageni,
Watamu