Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo: siku ya chanjo, paka naye atajwe

Ndugu Mkurugenzi,

Salamu kutoka Tanga. Nakuandikia hadharani kwa sababu ninayotaka kuyasema yanawahusu pia majirani zangu, na wengi wao hawatakaa chini kukuandikia. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nyumbani nina paka jike, mweupe mwenye mabaka meusi, anaitwa Shani. Nina na wajukuu wanne, ambao wanalala naye, wanamlisha kutoka sahani zao na, nikigeuka tu, wanambusu.

Mwaka jana gari la matangazo lilipita mtaani kwetu jioni. Kipaza sauti kikasema wananchi wote wenye mbwa wawapeleke kesho asubuhi, chanjo ya kichaa cha mbwa ni bure. Nilikuwa kibarazani nachambua mchele. Jirani yangu wa ng'ambo, mama mwenye paka watatu, alisikia kama nilivyosikia, akaendelea kukuna nazi yake. Nikamuuliza, hupeleki paka wako? Akacheka: "Mwalimu, wamesema mbwa. Sisi hapa mbwa tunamtoa wapi?"

Alisema kweli. Nyumba nyingi za mtaa wetu ni za Waislamu, na mbwa hafugwi ndani. Paka ndiye mwenyeji. Mtume alishasema paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani, na watu wa Pwani tumeishi naye hivyo tangu enzi za mababu: anaingia jikoni, anapanda kitandani, anamsubiri mvuvi mlangoni. Kwa hiyo tangazo lilipopita, mtaa mzima ulielewa kwamba ugonjwa huo ni wa watu wengine.

Mimi nilikwenda. Nilimkamata Shani alfajiri kabla hajaanza mizunguko yake, nikamtia kwenye kapu la ukili, nikafunika kwa kanga na kuifunga kwenye vipini. Kituo sikitaji, wala kata, maana niliowakuta pale walikuwa wakifanya kazi kwa moyo. Foleni ilikuwa ya vijana na mbwa wao, wengine kwa minyororo, wengine kwa kamba za katani, mmoja kambeba wake mabegani kama mbuzi. Kila mbwa akibweka, kapu langu linaruka. Nilipofika mezani kanga ilikuwa imetoboka, na mkono wangu una mstari mwekundu kutoka kiwiko hadi kiganja. Kijana wa chanjo akafungua daftari. Safu zake zilishapigwa rula: jina la mwenye mbwa, jina la mbwa, rangi, umri, dume au jike. Akatazama kapu, akanitazama mimi. "Mama, samahani sana. Hizi tumeletewa kwa hesabu ya mbwa."

Hakunijibu vibaya, Ndugu Mkurugenzi. Hakuwa na safu ya kuniandika, wala dozi iliyohesabiwa kwa paka. Nikarudi na Shani wangu, na njiani watu watatu waliniuliza nimebeba nini, nikaona haya kusema.

Miezi michache baadaye, nyumba ya tatu kutoka kwangu, paka wao dume alipotea siku mbili akarudi na jeraha shingoni. Watu wakasema kapigana. Kidonda kikapona, akasahaulika. Kisha akaanza kushinda uvunguni mwa kitanda. Chakula hataki, mwito hasikii, mwanga anaukimbia. Mtoto wa miaka 6 akaingiza mkono kumvuta, kama alivyokuwa akimvuta kila siku. Paka akamng'ata kiganjani na hakuachia mpaka alipopigwa kwa ufagio, halafu akatoka mlangoni mbio. Hakuonekana tena.

Nilipofika, mama wa mtoto alikuwa ameshaminya ndimu na kutia chumvi kwenye kidonda, anatafuta kitambaa cha kufunga. Nikamwambia tumpeleke hospitali. Akasema, "Mwalimu, ni paka tu."

Tulimpeleka mtoto kwenye bomba la uani, tukamsafisha kwa sabuni ya mche na maji yanayotiririka, dakika 15 kwa saa ya ukutani. Dakika 15 ni nyingi mno kwa mtoto anayelia. Nilimhesabisha kama darasani, moja hadi mia, tukarudia, tukarudia tena, na maji yakiendelea. Mahali pa kwanza tulipokwenda chanjo ya binadamu haikuwepo. Tukaipata mahali pa pili, na mama yule alimrudisha mtoto kila tarehe iliyoandikwa kwenye kadi mpaka akamaliza. Sasa yuko darasa la kwanza, na akipita hunisalimia kwa kunionyesha kiganja.

Paka yule angekuwepo, tungemfungia tukamtazama siku 10. Wewe unalijua hili vizuri kuliko mimi, lakini nalieleza kwa ajili ya majirani watakaosoma. Virusi huonekana kwenye mate ya mbwa au paka siku chache tu kabla hajaanza kuugua, na akishaugua hufa upesi. Akiwa mzima siku ya kumi, basi siku aliyong'ata mate yake hayakuwa na ugonjwa. Paka hafungwi mnyororo. Aking'ata anapenya dirishani, na siku 10 zinakwenda naye. Nauona huu kuwa ndio ugumu mkubwa wa paka, na ndiyo sababu ya kumchanja mapema, maana baada ya tukio mara nyingi hakuna wa kumtazama.

Ninajua wataalamu wako watasema nini, na wana hoja. Watasema vifo vya watu kwa ugonjwa huu, karibu 99 kwa kila 100, chanzo chake ni mbwa. Watasema paka haushikilii ugonjwa peke yake, anaupata kwa kung'atwa na mbwa au mnyama wa porini, na ukichanja mbwa 70 kwa kila 100 mnyororo unakatika hata kwa paka. Watanitajia Pemba, ambako chanjo za mbwa ziliumaliza ugonjwa, ukaingia tena 2016 kutoka bara, ukamalizwa tena. Yote hayo nayakubali. Sitaki dozi hata moja itoke kwenye hesabu ya mbwa kuja kwa Shani.

Lakini naomba mtazame kazi nyingine ambayo siku ya chanjo inaifanya. Mtu anayeleta mnyama kituoni anaondoka na mambo mawili: mnyama aliyechanjwa, na maneno aliyoyasikia pale. Anasikia kwamba kidonda kinaoshwa kwa sabuni, kwamba ndimu na chumvi si dawa, kwamba dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna tena tiba, kwamba mtu huenda kituo cha afya siku ileile hata kama kidonda ni kama cha sindano. Nyumba zisizo na mbwa hazifiki kituoni, kwa hiyo hayo hazijawahi kuyasikia. Kwa makadirio ya kitaalamu ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na wanne kati ya kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtaani kwetu watoto hao wanashinda na paka. Mkimwita paka, mama yake mtoto ndiye atakayembeba, na mtakuwa mmempata mtu ambaye tangazo la mbwa halijawahi kumfikia.

Tena mbwa wakichanjwa vizuri haina maana paka anakuwa salama kila mahali. Marekani ilitangaza mwaka 2007 kwamba imeondokana na virusi vya kichaa vinavyoenea kutoka mbwa hadi mbwa. Hata hivyo kwa miaka mingi sasa huko, kati ya wanyama wa kufugwa wanaokutwa na kichaa, paka ndio wengi kuliko mbwa. Mbwa walichanjwa kwa sheria na kwa mazoea. Paka wengi waliachwa wakizurura, wakakutana na wanyama pori wenye ugonjwa, kama yule anayeitwa rakuni. Sisi tuna nguchiro nyuma ya nyumba na mbweha mashambani. Shani ameshaniletea nguchiro mdogo mdomoni.

Nafikiri sehemu ya tatizo iko kwenye jina lenyewe. Kichaa cha mbwa. Jina hili limetufaa sana, maana kila mtoto anajua kumkimbia mbwa anayetiririka udenda. Lakini jina hilohilo limemficha paka. Niliwahi kuuliza wanafunzi wa darasa la tano ni wanyama gani wanaweza kutoa kichaa cha mbwa, darasa zima likajibu kwa sauti moja, "Mbwa!" Nikauliza, na paka? Wakacheka, wakidhani mwalimu anatania. Siombi jina libadilishwe, limeshazoeleka. Naomba kila linapotamkwa kwenye gari la matangazo, kwenye bango, redioni, na kwenye barua zinazokwenda kwa watendaji wa mitaa, lifuatwe na maneno matatu: mbwa na paka. Gharama ya maneno matatu ni ndogo.

Na daftari liwe na safu ya kuandika aina ya mnyama. Ile rula iliyopigwa mapema ndiyo iliyonirudisha nyumbani.

Kuhusu namna ya kuwachanja, niruhusu niseme kama mfugaji. Paka hapangi foleni na mbwa. Mkimleta kwenye uwanja wenye mbwa 40 wanaobweka, nusu ya paka watatoroka kabla ya sindano na wenye paka hawatarudi mwaka ujao. Mtaa kama Ngamiani hapa Tanga, na zile barabara zake za namba na nyumba zilizoshikana, unafaa kupitiwa nyumba kwa nyumba: mchanjaji mmoja na deli lenye barafu la kuweka chanjo kwenye baridi inayotakiwa, nyuzi 2 hadi 8, na mwenye daftari mmoja. Wapite jioni kabla ya Magharibi, saa ambayo samaki anasafishwa na paka wote wako uani. Kama nyumba kwa nyumba haiwezekani, basi paka wapewe saa yao, mbwa wakishamaliza.

Tangazo liwaambie watu wamfungie paka ndani tangu usiku, wamtie kwenye kapu lenye kifuniko au kwenye foronya ya mto. Hili la foronya nilifundishwa na daktari wa mifugo aliyekuja kumchanja Shani baadaye, kwa malipo yangu. Alimtia mzima mzima kwenye foronya, akaipapasa sehemu ya mgongo karibu na bega, akabana ngozi kupitia kitambaa na kumchoma. Shani hakupata hata nafasi ya kukasirika. Daktari akaniandikia kadi, akanieleza kwamba paka huanza kuchanjwa akiwa na miezi 3, hurudiwa baada ya mwaka, na baada ya hapo inategemea aina ya chanjo. Niliilipa kwa pensheni yangu na sijutii. Lakini jirani yangu mwenye paka watatu anauza maandazi, na hesabu ya maandazi ya kuchanja paka watatu niliipiga mbele yake, tukanyamaza wote.

Jambo la mwisho ni la wenzako wa afya, na najua si wizara yako, ila mnakaa meza moja kwenye mambo haya. Mtoto aliyeng'atwa na paka afikapo dirishani, asiulizwe kwanza kama ana uhakika paka alikuwa mgonjwa. Sisi tuliulizwa hivyo, na mama yake karibu ageuze njia arudi, kwa kuwa jibu hakuwa nalo. Hata mkwaruzo wa kucha uliolambwa unastahili kutazamwa. Muuguzi akilijua hilo, na zahanati ikijua mapema ni wapi chanjo ya binadamu ipo siku hiyo, mzazi hatazunguka na mtoto kwenye bajaji akiuliza mlango kwa mlango kama tulivyozunguka.

Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Dunia imejiwekea 2030 kuwa mwaka ambao hapatakuwa tena na mtu anayekufa kwa ugonjwa huu kutoka kwa mbwa. Miaka iliyobaki inahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mwaka huu, kabla gari la matangazo halijatoka, naomba karatasi atakayosoma mtangazaji ipite mezani kwako, na uongeze kwa kalamu yako yale maneno yanayokosekana. Jirani yangu wa maandazi ameshanunua kapu. Mama wa yule mtoto, ambaye sasa ana kipaka kipya cha miezi 4, amesema atakuja na foronya mbili endapo moja itachanika. Kadi ya Shani nayo inaisha muda mwezi huohuo. Tutakuwa kibarazani, tunasikiliza.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Tanga