Mama mkwe kaniita mbuzi kwa ajili ya muguka

Shangazi, shikamoo. Sijapata usingizi, nakuandikia huku mume wangu akikoroma.

Mimi si mlevi. Muguka, yale majani ya jamii ya miraa, nilianza kutafuna kazini, zamu ya usiku, na pale hakuna asiyetafuna. Lakini mama mkwe, mbele ya mawifi wote, chakula kiko mezani, akasema mwanawe kaoa mbuzi. Mwanawe mwenyewe anatafuna kunishinda! Mbona yeye hakuitwa beberu?

Kisha wifi mdogo, anayesomea kazi za maabara, akadakia kwamba majani hayo huweza kubeba madini mazito, risasi na kadimiamu, kutoka kwenye udongo, mbolea ya fosfeti, maji machafu ya kumwagilia na vumbi la barabarani. Nikamwambia mimi naosha, tena jani kwa jani, ingawa wengi hawapendi kulilowesha. Akacheka. Eti maji huondoa vumbi, lakini kilichopandishwa na mizizi kimo ndani ya jani, na mate nayameza saa nzima. Sawa. Na sukuma haimei kwenye udongo? Nani aliwahi kuitwa mbuzi kwa kula sukuma?

Nataka unipe la kumjibu yule mama, basi. Habari ya kuacha usiniambie, nimeisikia ya kutosha.

Ila kuna jambo wifi alilisema jikoni tukiwa wawili tu. Kwamba kadimiamu hukaa kwenye figo miaka 10 hadi 30, na risasi hujificha mifupani. Mwanamke akibeba mimba, mifupa huiachilia irudi kwenye damu, ikapenya kondo la nyuma hadi kwa mtoto, na baadaye kwenye maziwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Sidhani alijua kuwa nina mimba. Au alijua?

Kama tayari imo mifupani, nikiacha leo nitakuwa nimemsaidia nani? Na nikiacha, mama mkwe si atatangaza kwamba yeye ndiye aliyeniachisha? Mbuzi kafugwa, atasema.

Usinishauri nizungumze na mume wangu. Yeye ndiye hununua.

Kliniki walinipima damu na mkojo, risasi haikutajwa, na mambo ya muguka hawakuniuliza. Narudi Alhamisi. Kipimo cha risasi kwenye damu naweza kukiomba bila kueleza sababu?