Waimbieni wenyewe, msiwaachie spika

Kwenu walimu wa nasari wa Busia, Tororo, Mbale, Bombo na kokote Uganda ambako mtoto anajifunza Kiswahili juu ya lugha ya nyumbani kwao.

Wanangu, salaam. Kabla wengi wenu hamjazaliwa nilikuwa nafundisha nyimbo na ngoma katika shule za msingi huku mashariki. Sasa nimestaafu, nakaa barazani, na kutoka hapo nazisikia nasari za mtaani kuliko mnavyodhani. Ninachosikia siku hizi ni spika. Flashi inachomekwa asubuhi, nyimbo zilizorekodiwa ng'ambo zinaanza kulia, mwalimu yuko pembeni anasahihisha madaftari, na watoto wamekaa kimya kwenye mikeka. Nawaandikia kwa sababu ya hiyo spika, ingawa mnajua mzee akianza kusema huwa anapitia njia ndefu.

Wajukuu zangu hunisomea kwenye simu yanayoandikwa na watafiti wa ubongo. Mwaka 2009 watafiti wa Hungaria na Uholanzi walipima mawimbi ya umeme kwenye vichwa vya vichanga wa siku mbili tatu, wakiwa usingizini. Waliwapigia mdundo wa ngoma, na mara mojamoja wakaliacha lile pigo zito la mwanzo. Pigo lilipokosekana, ubongo wa kichanga ulishtuka, ulikuwa unalisubiri. Kwa hiyo anayekuja kwenu akiwa na miaka 3 hahitaji kuambiwa mdundo ni nini. Amezaliwa nao. Anachohitaji ni mtu wa kuupiga pamoja naye.

Na mtu huyo ana uzito wake. Mwaka 2016 Samuel Mehr na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwapa wazazi wimbo mpya wawaimbie nyumbani watoto wa miezi 5. Baadaye kila mtoto alionyeshwa watu wawili asiowajua, mmoja akiimba wimbo ule, wa pili akiimba mwingine. Walipokwisha kunyamaza, mtoto aliendelea kumtazama zaidi yule aliyeimba wimbo wa nyumbani, kana kwamba anasema, huyu ni wa kwetu. Watoto wengine waliusikia wimbo huohuo kutoka kwa mwanasesere anayeimba. Waliujua, lakini mgeni aliyeuimba baadaye hakuwa na maana yoyote kwao. Sasa iangalieni spika yenu tena.

Utafiti uliotufurahisha zaidi hapa nyumbani ni wa Laura Cirelli na Laurel Trainor, Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, wa mwaka 2014. Mtoto wa miezi 14 anabebwa kifuani, uso mbele, anarushwarushwa kwa kufuata muziki. Mbele yake amesimama mwanamke naye anarukaruka. Kwa baadhi ya watoto mwanamke huyo alikwenda nao sawasawa. Kwa wengine aliwatangulia au akachelewa kwa makusudi. Muziki ukazimwa. Mwanamke akaanza kuanika vitambaa, akaangusha vibanio kana kwamba kwa bahati mbaya. Watoto waliokwenda naye sawa ndio waliokuwa wepesi zaidi kuokota na kumpa. Mtoto ambaye hata kutembea hajakomaa! Baadaye walijaribu bila muziki, kwa mlio wa kawaida tu. Kwenda pamoja bado kulisaidia, ila watoto walinuna zaidi na msaada ulichelewa. Mimi nalisoma hivi: muziki unamtuliza mtoto moyo, na mwendo wa pamoja unamfungulia mwenzake mlango. Mkitenganisha hayo mawili mnapoteza nusu.

Lakini msishangilie upesi. Watafiti haohao walipoendelea waliona kwamba mtoto alimsaidia mwanamke yule na rafiki yake, lakini mgeni asiyehusiana naye hakupata nyongeza yoyote ya msaada. Wimbo unajenga "sisi", na kila "sisi" ina walioachwa nje. Kwetu hapa mpakani darasa moja lina Msamia, Mteso, Msoga, Mnubi, na mtoto wa dereva wa lori aliyehamia mwezi uliopita. Nimeona walimu wakiwapanga watoto kwa vikundi vya wanaoelewana lugha ili wimbo uende haraka. Unaenda haraka, kweli, na uwanjani wanacheza hivyohivyo, kila kikundi na chake. Wachanganyeni pale pale kwenye kupiga makofi. Huko Leipzig, Ujerumani, mwaka 2010, watoto wa miaka 4 walioimba na kucheza ala wawili wawili walisaidiana na kushirikiana zaidi ya wale waliocheza mchezo uleule bila muziki. Wawili wawili, wanangu, uso kwa uso. Sio safu nzima inayomtazama mwalimu.

Wala hatuhitaji kuazima mfano Ulaya. Nendeni Busoga mkaangalie bigwala, zile tarumbeta za vibuyu ambazo UNESCO iliziweka mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Kila tarumbeta inatoa noti moja. Watano wakisimama pamoja ndipo wimbo unapatikana, na mmoja akisinzia, wimbo una tundu ambalo kila mtu analisikia. Amadinda ya Buganda, ile marimba ya mbao, nayo ina wapigaji waliokaa pande mbili, mmoja akiingiza mapigo yake katikati ya mapigo ya mwenzake, hadi msikilizaji hajui lipi ni la nani. Chukueni wazo hilo: chupa za plastiki zenye kokoto, kundi hili linapiga, kundi lile linajibu, na hakuna anayeweza kuumaliza wimbo peke yake. Haligharimu hata shilingi.

Muhula unapofunguliwa najua mnavyohangaika na bebi klasi inayolia getini. Huko Montreal walipima kitu kinachofanana na hicho kwa watoto wachanga: kwa wimbo, tena wa Kituruki ambao hawajawahi kuusikia, walikaa wastani wa dakika 9 kabla ya kuanza kulalamika, kwa maneno matupu, hata yale ya kubembeleza, dakika 4 hivi. Msibishane na anayelia. Mwimbieni kwa lugha yoyote mliyo nayo. Na mkitaka darasa litulie, punguzeni kasi, kwa sababu mtoto wa miaka 5 hutambua furaha na huzuni ya wimbo kwa kasi yake kabla hajaweza kuzitambua kwa namna noti zilivyopangwa. Haya mengine mnayajua kwa mazoea, siwachoshi.

Kuna la kuwaonya. Wazazi watawaambia muziki unaongeza akili, na wenye shule wataliandika kwenye bango. Chanzo cha maneno hayo ni jaribio la mwaka 1993 huko Marekani, la vijana 36 wa chuo kikuu waliosikiliza muziki wa Mozart, mtunzi wa zamani wa Ulaya, kwa dakika 10. Walifanya vizuri zaidi katika maswali ya maumbo, na baada ya robo saa hivi faida ikayeyuka. Hakukuwa na mtoto hata mmoja pale. Glenn Schellenberg wa Toronto alifanya kazi ya maana zaidi, mwaka 2004, na watoto 144 wa miaka 6: waliofundishwa muziki waliwazidi wenzao kidogo katika kupanda kwenye vipimo vya akili. Kidogo. Walioboreka katika tabia ya kuishi na watu walikuwa wale waliofundishwa maigizo. Basi igizeni pia, na msimuuzie mzazi akili msiyo nayo dukani.

Jambo linaloniuma ni mashindano. Tangu nasari mnaanza kuchuja sauti kwa ajili ya siku ya wazazi: wenye sauti nzuri mbele, "wanaoharibu" wanaambiwa wafungue midomo tu bila kutoa sauti. Mtoto huyo ameondolewa kwenye mwendo wa wenzake akiwa na miaka 4, mbele ya macho yao, na mwalimu wake ndiye aliyefanya hivyo. Kikombe kikikosekana, kikosekane.

Kwa wale ambao wazazi wao ni walokole na wanaiogopa ngoma, au Waislamu wasiotaka ala, msigombane nao. Makofi, miguu na sauti vinatosha. Kasida na dufu zipo, na nyimbo za kanisani zipo. Kinachotakiwa ni kwenda pamoja.

Mwisho, yule anayekaa pembeni asipige hata kofi moja. Kila darasa lina mmoja. Msimvute mkono. Huenda hasikii vizuri, kwa hiyo mwambieni mzazi ampeleke apimwe masikio, na wakati huohuo mkalisheni karibu na ngoma aweke kiganja kwenye ngozi yake. Huenda anasikia vizuri sana na kelele inamuumiza. Huyo mkalisheni mbali, na mpeni mwenzake mmoja mpole wa kwenda naye taratibu. Jueni kwanza ni yupi kati ya hao wawili.

Mwalimu mstaafu,
Busia