Tarehe ya mwisho iandikwe siku akaunti inapofunguliwa

Mhariri,

Ukurasa wenu wa teknolojia ulihimiza waajiri wafute akaunti za wafanyakazi wanaoacha kazi. Sipingi. Ila sisi tunaoshinda kwenye seva, yaani kompyuta zinazohudumia nyingine, tunajua kwamba taarifa ya kuondoka kwa mtu humfikia msimamizi wa mifumo wakati mtu huyo ameshaondoka, ikiwa itafika. Wakandarasi, wakaguzi na wanafunzi wa mafunzo kazini hata hawaagwi. Wanatoweka tu, akaunti zinabaki.

Kwenye Linux, mfumo endeshi wa seva nyingi, kila akaunti ina nafasi ya tarehe ya ukomo: ni sehemu ya nane ya mstari wake katika faili la /etc/shadow, linalotunza nywila na tarehe za akaunti. Zana za usanidi kama Puppet, Ansible na Salt, ambazo hupanga seva nyingi kwa kufuata faili moja la maelekezo, zinaweza kuijaza. Basi ijazwe palepale jina linapoongezwa, mkataba ukiwa mezani. Mtu akiongezewa muda, tarehe itabadilishwa, na itajulikana nani aliidhinisha.

Wengi hudhani kuliondoa jina kwenye faili la usanidi kunatosha. Wapi! Kwa kawaida zana hizi hushughulikia kilichoandikwa. Kisichotajwa huachwa kilivyo. Akaunti inaendelea kuishi kwenye seva zote, na sasa haimo hata kwenye orodha ambayo mtu angeikagua. Wengine hufunga nenosiri kwa amri ya passwd -l wakadhani wamemaliza, ilhali mwenye ufunguo wa SSH, yaani faili la siri la kuingilia seva kutoka mbali, huingia bila kuulizwa nenosiri. Akaunti iliyopita tarehe yake humkataa hata huyo.

Udhia uko kwenye kuhesabu. Puppet inataka mwaka, mwezi na siku. Salt inataka idadi ya siku tangu 1 Januari 1970, na Ansible inataka sekunde tangu siku hiyohiyo. Mwenzangu mmoja, akihama kutoka Salt kwenda Ansible, aliinakili 20000 kama ilivyo. Kwa siku, hiyo ni 4 Oktoba 2024. Kwa sekunde haifiki hata robo ya siku, kwa hiyo kwenye shadow, linalohesabu siku nzima, ikaandikwa sufuri. Na mwongozo wa faili hilo unakataza sufuri, maana inaweza kueleweka kuwa akaunti ilikwisha mwaka 1970, au kwamba haina ukomo kabisa! Hakuna ujumbe wa kosa uliotokea. Ndiyo maana mimi, zana ikishamaliza kazi, huangalia kwa chage -l, amri inayoonyesha tarehe za akaunti, kwenye seva yenyewe.

Akaunti za huduma, kama ile inayoendesha hifadhidata, zisiwekewe tarehe. Tarehe ikifika huduma inaweza kukwama, na mtakuja kuamshwa usiku. Na aliyeingia kabla ya tarehe kufika hatolewi: kikao chake huendelea mpaka atoke mwenyewe au msimamizi amkatie.

Idara za utumishi zinaijua tarehe hiyo tangu mkataba unaposainiwa. Ziitume pamoja na ombi la kufungua akaunti, na ombi lisilo na tarehe lirudishwe.

Msimamizi wa mifumo, msomaji wenu