Kwenu mliovua joho na sasa mnaulizia masta

Wanangu,

Kila mahafali yakipita naulizwa lile lile: "Mzee, niunganishe masta moja kwa moja baada ya shahada ya kwanza?" Wengi mnaouliza mmeshatuma maombi Ajira Portal, ule mtandao wa ajira za serikali, mpaka mmechoka, bumu, ile posho ya mkopo wa chuo, limekata, na mama nyumbani ameanza kuuliza kwa upole, upole ule unaouma kuliko kufokewa. Chuo kinaonekana pa kujisitiri. Nawaelewa. Lakini kabla ya ada, nijibuni: unataka kufanya kazi gani?

Anayetaka kufundisha chuo kikuu asingoje, aunganishe. Ila akumbuke kwamba huko GPA ya shahada ya kwanza haisahauliki. Tangazo la ngazi ya chini kabisa ya uhadhiri huomba isiyopungua 3.8 kati ya 5, na ukija na masta bado watafungua cheti cha kwanza. Mwenye 2.9 anayesoma masta ili aifute hiyo 2.9 anajichosha.

Wengine mlango wenu hauko chuoni. Mwenye shahada ya sheria anayetaka uwakili wa kusimama mahakamani lazima apite Law School, chuo cha mafunzo ya uwakili. Awe na masta, asiwe nayo. Mhasibu, waajiri wanakuuliza CPA, cheti cha taaluma ya uhasibu. Mhandisi anatakiwa asajiliwe na ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na njia ya kawaida kwa mhitimu ni miaka mitatu ya kazi chini ya mhandisi aliyekwisha kusajiliwa. Nimekaa kwenye meza za usaili muda mrefu, na nimemwona kijana mwenye masta ya uhasibu akiachwa, akachukuliwa mwenzake mwenye shahada moja na CPA. Hakuna aliyemwonea.

Mlioajiriwa serikalini, pitieni kwa ofisa utumishi kabla hamjachagua kozi. Ukijisomea kitu kisichohusiana na kada yako, usije ukashangaa cheti kinakaa kabatini na mshahara uko pale pale.

Fedha sasa. Wengi mnadaiwa na Bodi ya Mikopo, na siku utakapoajiriwa itakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Juu ya hapo unataka kukopa tena ada? Na shamba la familia lisiuzwe kwa ajili ya masta. Hapo sina mjadala, hata baba mwenyewe akikubali.

Ufadhili upo, na ndiyo maana nasema kwa wengi wenu kazi itangulie. Chevening ya Uingereza inataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, inakusomesha mwaka mmoja, kisha inakutaka urudi nyumbani ukae angalau miaka miwili. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, nayo ina programu zinazodai miaka miwili kazini, lakini hapo kuna mtego: kwa kawaida hawataki shahada yako ya mwisho iwe imepita miaka sita. Kwa hiyo fanya kazi, hata ya kujitolea, lakini usilale. Ukisoma nje, hakikisha mapema kwamba chuo hicho kinatambuliwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

Jambo moja watu hawaambiani. Masomo ya darasani hupita. Tasnifu ndiyo humeza watu. Kabla ya kulipa hata shilingi, watafuteni waliokwama kwenye idara hiyo, muwanunulie chai, muwaulize msimamizi anarudisha kazi baada ya muda gani. Brosha ya chuo haitakwambia hilo.

Wewe uliyekwisha kupata udahili, ada ipo na unajua unachokifuata, nenda kasome, huhitaji baraka zangu. Wanaoomba ufadhili, nitayapitia maelezo yao ya maombi kama ninavyofanya siku zote. Dirisha la Chevening kwa kawaida hufunguliwa Agosti. Nileteeni Agosti hiyo hiyo, si usiku wa kuamkia siku ya mwisho, saa ambayo mimi nimeshalala.

Mzee wenu