Kwako Rehema, kuhusu ile kadi

Rafiki yangu Rehema,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mama naye amepata nafuu, na Shaibu anakusalimu sana. Mengine nitakuandikia siku nyingine, maana kilichonishikisha kalamu ni ile kadi uliyoniachia, yenye picha ya Kandinsky, yule mchoraji Mrusi, iitwayo Composition VII.

Siku ile uliitazama ukasema, "Hapa watu wamegombana, na mmoja ameshaondoka." Nami nikakukatiza. Nikaanza kukueleza kwamba wataalamu wa sanaa wanaihusisha na gharika, ufufuo na siku ya hukumu. Ukanyamaza, ukairudisha kadi mezani. Kunyamaza kwako kumenikaa moyoni miezi mitatu sasa, na ndiyo maana hata kukuandikia nilichelewa.

Kadi nimeibandika juu ya meza yangu. Kila usiku naitazama, ila nimejikataza kuuliza ina maana gani. Nafuata tu jicho langu. Huanzia katikati, penye umbo kama yai lililokatizwa na pembenne isiyonyooka. Hapo rangi zimesongamana, nyekundu juu ya bluu, na mistari myeusi inapita kama mikwaruzo. Ukikaa napo, jicho halitulii. Linasukumwa nje, likaishia chini kushoto, penye kitu kama mashua na makasia yake. Rehema, si ndipo uliponyoosha kidole uliposema mmoja ameshaondoka? Mashua hukuitaja, lakini kidole kilikuwa pale pale!

Na huo ugomvi nao nauona sasa. Kandinsky mwenyewe aliamini kwamba rangi ya njano humjia mtazamaji, na bluu humwondokea. Basi mimi hufunika mabaka ya njano kwa kidole, na picha yote hupoa. Nikikiondoa, vurugu inarudi.

Nikaanza na kuitafutia habari zake. Kadi yetu inaenea kiganjani, lakini turubai lenyewe, lililoko katika jumba la sanaa la Tretyakov mjini Moscow, lina mita 2 kwenda juu na mita 3 kwa upana. Ukisimama mbele yake nadhani unamezwa. Aliipaka rangi kwa siku nne tu, Novemba 1913, lakini alitangulia kufanya michoro ya maandalizi zaidi ya 30. Gabriele Münter, mchoraji mwenzake, aliipiga picha kazi ilipokuwa ikiendelea, hatua kwa hatua. Kwa hiyo kaka yako akisema tena kuwa ni rangi zilizomwagwa ovyo, mwambie habari ya hiyo michoro. Mtu hajiandai namna hiyo ili amwage rangi.

Gharika siitupi, usinielewe vibaya. Waliosema hivyo wamezisoma kazi zake kwa miaka mingi. Lakini hata kwenye gharika kuna walioondoka kwa chombo, na kuna waliobaki. Wewe uliliona hilo bila kuambiwa na mtu, nami nikaweka maneno ya wengine juu ya jicho lako. Nisamehe.

Nilitaka pia kukuuliza habari za kazi mpya, na kama mwalimu wetu ameshatoka hospitali... lakini turudi kwenye kadi. Nimeibandua na kuitia humu ndani ya bahasha. Kaa nayo jioni moja, peke yako. Jicho lako linaanzia wapi? Rangi ipi ndiyo iliyokuambia kwamba wamegombana? Huyo aliyeondoka, aliondoka kwa hasira au kwa huzuni? Atarudi? Na je, Rehema, ni mtu unayemfahamu? Ulikuwa na jambo ulilotaka kuniambia siku ile?

Niandikie hata kama ni mistari miwili. Safari hii nitasikiliza mpaka mwisho.

Akupendaye,
Mwanaidi