Shukrani kwa wote mliotuchangia: binti yetu amerudi Uyole

Ndaga fijo! Sisi familia tunawashukuru ninyi nyote mliotushika mkono hadi binti yetu akaenda India kufanyiwa upasuaji, na sasa yuko nyumbani anatembea mwenyewe.

Wengi mlichanga bila kujua anaumwa nini hasa, nasi wakati ule tulishindwa kueleza. Ilianza na chai. Asubuhi za baridi hizi za kwetu, akipuliza kikombe, mkono wa kulia unalegea na maneno yanamwishia. Baada ya dakika chache anakuwa sawa. Akilia, vilevile. Tuliambiwa ni mapepo, tukaambiwa anadeka akwepe shule, na inatuuma kwamba kwa muda tulisadiki. Mama yake mdogo ndiye aliyekataa. Picha za mishipa zikaonyesha moyamoya: mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo inazidi kuwa myembamba, na vimishipa vinavyoota kuisaidia huonekana kama moshi, ndiyo asili ya jina hilo la Kijapani. Mtu akipuliza au kulia sana, mishipa ya ubongo hujibana zaidi, damu ikapungua. Mtoto hakuwa anadeka.

Mliouliza kama ni majaribio, hapana. Profesa Yaşargil, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, aliufanya upasuaji huu Zurich, Uswisi, mwaka 1967. Mshipa wa ngozi ya kichwa, ule unaodunda mbele ya sikio, hupitishwa kwenye tundu la fuvu na kushonwa kwenye mshipa wa ubongo kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Ila mnaotuuliza kwa ajili ya wazee wenu waliopata kiharusi, tuwaambie ukweli: utafiti mkubwa wa 1985 ulionyesha kuwa wagonjwa wa kawaida wenye mishipa iliyoziba hawakupunguziwa hatari ya kiharusi kingine. Muulizeni kwanza daktari wake.

Asanteni akina mama wa Mwanjelwa, vijana wa bodaboda, walimu, na wanafunzi wenzake mlioleta sarafu kwenye kopo. Yule mama aliyeleta debe la viazi kwa kuwa hakuwa na fedha: tuliviuza, vimo kwenye hesabu. Daftari lipo kwa mweka hazina, anayetaka kuliona akaribie.

Bado anameza aspirini, na tumeambiwa asikae bila kunywa maji. Jana alipuliza chai yake mbele ya bibi yake. Kikombe hakikudondoka.

Sala ya shukrani ni Jumapili hii nyumbani, saa nane mchana. Njoni mmwone.